UZI: Kodi ya kaboni kwenye umeme. Hapa Zanzibar ikatwe kwenye bomba la moshi, kwenye lita ya dizeli au kwenye mita ya TUKUZA (ya kulipia umeme kabla ya kutumia)?

Karafuu_Kavu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Kila ikitajwa kodi ya kaboni watu husema "anayechafua alipe", mjadala ukaishia hapo. Uzi huu nataka ushuke hadi kwenye hesabu: anayelipa nani, anapimwa kwa kitu gani, na lita moja inapanda kwa shilingi ngapi.

Nianze na hali yetu, maana ndiyo inayovuruga mifano yote ya nje. Umeme wa Unguja unakuja kwa kebo za chini ya bahari za kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni (Bara) hadi Fumba. Ya kwanza, megawati 45, ni ya 1980. Ya pili, megawati 100, ilikamilika 2013 kwa fedha za Marekani. Pemba inalishwa kutoka Tanga kwa kebo ya kilovolti 33 tangu 2010, iliyojengwa kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Kwa hivyo ZECO, shirika letu la umeme, ni mnunuzi na msambazaji kuliko mzalishaji. Wanaochoma mafuta hapa visiwani ni majenereta ya akiba ya Mtoni na yale yaliyotapakaa nyuma ya mahoteli, hospitali, minara ya simu na viwanda vya barafu.

Kodi inaweza kushika sehemu tatu. Ya kwanza ni bombani: unapima moshi unaotoka kwa kifaa kinachosoma mfululizo, unatoza kila tani. Ya pili ni kwenye mafuta kabla hayajachomwa: kaboni iliyomo kwenye lita inajulikana, hivyo unatoza lita. Ya tatu ni kwenye uniti (kilowati-saa moja) iliyozalishwa au iliyouzwa, kwa kiwango cha wastani.

Msimamo wangu: bombani tuache kabisa. Kifaa cha kupima moshi kina maana kwa mtambo wa mamia ya megawati wenye bomba moja, si kwa jenereta la kVA 100 lililofungwa kibandani nyuma ya jiko. Zinabaki lita na uniti. Nani ana hoja?

Fundi_Kibandani

Lita. Tena nitakuonesha kwa nini uniti inadanganya.

Chukua jenereta la kVA 100, yaani kilowati 80 kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) ya 0.8. Likibebeshwa mzigo kamili linakunywa kama lita 22 kwa saa, sawa na lita 0.275 kwa uniti. Nusu mzigo, kilowati 40, ni kama lita 12 kwa saa: lita 0.30. Robo mzigo, kilowati 20, ni kama lita 7: lita 0.35. Takwimu hizi hutofautiana kidogo baina ya mashine na mashine, lakini mwenendo ni huo huo.

Dizeli ikichomwa inatoa takriban kilo 2.68 za kaboni dayoksaidi kwa lita. Kwa hiyo uniti ya mzigo kamili ina kilo 0.74, na uniti ya robo mzigo ina kilo 0.94. Tofauti ya zaidi ya robo, mashine ile ile, mafuta yale yale. Ukitoza uniti kwa wastani wa kilo 0.8, aliyenunua jenereta kubwa kupita mahitaji yake anasamehewa, na aliyelipima vizuri anamlipia mwenzake. Ukitoza lita, kila mmoja analipa alichochoma.

Na kosa la ukubwa ndilo lililojaa. Mtu anapiga hesabu ya AC zote, pampu na jiko kana kwamba vinawaka kwa pamoja, kisha anaongeza "na akiba". Usiku wa msimu wa mvua wageni ni wachache, jenereta linazunguka kwa asilimia 15 au 20. Chini ya asilimia 30 silinda hazipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, yanatoka na moshi. Ndiyo ile nta nyeusi inayochuruzika kwenye maungio ya bomba. Anayeiona anadhani ringi zimekwisha, anafungua injini bure, kumbe mzigo ndio mdogo. Kodi ya lita inamgusa mtu huyu pale pale panapostahiki.

Hesabu_za_Usiku

Fundi kanitangulia, naongeza kiwango.

Namba zinazotumika duniani kwenye taarifa za gesi joto, kwa kila gigajuli ya mafuta: gesi asilia kilo 56.1, petroli 69.3, mafuta ya taa 71.9, dizeli 74.1, mafuta mazito 77.4, makaa ya mawe ya kawaida ya mitambo 94.6. Ukizigeuza kuwa lita: petroli takriban kilo 2.27, mafuta ya taa takriban 2.5, dizeli 2.68.

Tuchukue kodi ya dola 10 kwa tani, na dola tuihesabu kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi (anayetaka kiwango cha leo azidishe mwenyewe). Tani moja ni shilingi 25,000, yaani shilingi 25 kwa kilo. Lita ya dizeli inaongezeka shilingi 67. Uniti ya jenereta linalokunywa lita 0.30 inaongezeka kama shilingi 20. Mtambo wa gesi wa mzunguko mmoja wenye ufanisi wa asilimia 33 unatoa kilo 0.61 kwa uniti: shilingi 15. Mtambo wa gesi wa mzunguko wa pamoja, unaotumia tena joto la moshi kuzungusha tabo ya mvuke, ufanisi asilimia 50, kilo 0.40: shilingi 10. Maji na jua: sifuri.

Sasa kizingiti, maana hapa ndipo sera za nje zinapokwama zikiletwa kwetu. Singapore inatoza vituo vinavyotoa tani 25,000 na zaidi kwa mwaka. Kwa dizeli hizo ni zaidi ya lita milioni 9.3. Hoteli gani inafika? Afrika Kusini inawashika wazalishaji umeme kuanzia megawati 10 za joto linaloingia mtamboni, ambazo kwa ufanisi wa asilimia 35 ni megawati 3.5 za umeme. Hoteli yenye lile jenereta la Fundi, nusu mzigo, saa nne kila siku, mwaka mzima, inachoma lita 17,520. Ni tani 47. Kodi yake kwa dola 10 ni dola 470 kwa mwaka.

Kumpeleka mkaguzi Nungwi mara moja akahakiki vitabu vya dola 470, mafuta ya gari na posho vinakula sehemu kubwa ya kodi. Kwa hivyo kusajili jenereta moja moja ni kazi ya hasara. Toza mafuta yanapoingia nchini. Waingizaji ni wachache, ZURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, inatangaza bei kila mwezi na tozo za kwa lita tayari zimo ndani yake. Unaongeza mstari mmoja kwenye hesabu iliyopo.

Mwana_Wesha

Naam, lakini mnatoza jenereta la hoteli halafu umeme wa kebo unapita bure? Bara kuna gesi inachomwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, usiku na mchana. Kilichochomwa kule kikawasha taa huku si kaboni?

Bi_Jadweli

Suali la Mwana Wesha ndilo zito kuliko yote humu, na linaanza na mamlaka kabla ya hesabu.

Jadweli ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaorodhesha Mambo ya Muungano. Humo imo kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini unaokusanywa na idara ya forodha. Kodi ya kaboni ikiandikwa kama ushuru wa bidhaa, mtu atauliza kwa nini Baraza la Wawakilishi linaigusa. Ikiandikwa kama tozo ya ndani juu ya mafuta yanayouzwa Zanzibar, inakaa pamoja na tozo ambazo ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) inazikusanya tangu enzi za Bodi ya Mapato. Jina na mahali pa kukatwa vinaamua kama sheria itasimama.

Kuhusu kebo: Zanzibar haiwezi kumtoza mwenye mtambo wa Kinyerezi, yuko nje ya mipaka ya mamlaka yake ya kodi. Inachoweza ni kutoza uniti inapofika. Na hapo kuna mitego ambayo wengine walishaikanyaga.

Finland ndiyo iliyoanza kodi ya kaboni duniani, 1990. Baadaye ikatoza umeme wa ndani kwa kufuata namna ulivyozalishwa, na umeme ulioagizwa nje ukawekewa kiwango kimoja, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema elektroni iliyovuka mpaka imetoka bwawani au kwenye makaa. Kampuni ya Outokumpu ilikuwa ikiagiza umeme kutoka Sweden, ikapinga. Mwaka 1998 Mahakama ya Ulaya ikasema: huwezi kuutoza umeme wa jirani zaidi ya kiwango cha chini kabisa unachoutoza wa kwako, na ugumu wa kupima si udhuru. Finland yenyewe ilikuwa imeshahama mwaka mmoja nyuma, ikaacha kutofautisha na kutoza matumizi ya umeme kwa jumla. Matokeo yake: umeme wa maji na wa makaa ukalipa sawa, na ile nia ya kaboni ikapotea kwenye umeme.

California nayo, ingawa mfumo wake ni wa soko la vibali vya kutoa moshi na si kodi, inambebesha jukumu yule wa kwanza kuingiza umeme jimboni. Umeme usiojulikana chanzo unahesabiwa tani 0.428 kwa megawati-saa. Ni rahisi kuendesha, lakini muuzaji wa jirani anakupelekea karatasi za umeme wake wa maji na kuwauzia wengine ule wa makaa. Hewani hakijapungua kitu.

Sasa kwetu. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, na mashine ya kwanza iliingia kwenye gridi 2024. Mseto wa gridi umebadilika sana baada ya hapo. Ukiweka kiwango cha kudumu kwenye kila uniti ya kebo kwa kutumia mseto wa zamani, unatoza maji kana kwamba ni gesi. Ukitaka haki lazima ukihuishe kila mwaka kwa takwimu ambazo ziko mikononi mwa TANESCO, si mikononi mwako.

Karafuu_Kavu

Bi Jadweli, ahsante sana. Naongeza mfano mmoja wa karibu zaidi na sisi: Ireland ya Kaskazini. Uingereza ilipoweka kodi yake ya ziada ya kaboni kwenye mafuta ya kuzalisha umeme Aprili 2013, Ireland ya Kaskazini iliachwa nje. Sababu ni kwamba iko soko moja la umeme na Jamhuri ya Ireland. Mitambo ya upande mmoja ingelipa na ya upande wa pili isilipe, basi uzalishaji ungehamia ng'ambo na moshi ungebaki ule ule. Soko moja, mamlaka mbili za kodi. Mnakiona kioo?

Na hata Uingereza kubwa ilionja. Kodi hiyo ilianza pauni 4.94 kwa tani, ikapanda 9.55, ikafika 18.08 Aprili 2015, kisha ikagandishwa pauni 18. Makaa yalikuwa yakitoa kama asilimia 40 ya umeme wao 2012. Kufikia 2020 yakawa chini ya asilimia 2, na kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa 30 Septemba 2024. Kazi ilifanyika. Lakini wakati huo huo umeme wa kebo kutoka bara la Ulaya, usiolipa kodi hiyo, ulipata nafasi ya kuingia kwa wingi zaidi, na sehemu ya moshi ikahamia huko.

Hesabu_za_Usiku

Ngojeni, msiulete mfano wa makaa ya Uingereza bila kueleza kwa nini uliwezekana, watu wataondoka wakidhani pauni 18 ina uchawi.

Kodi ya kaboni haimpunguzii mtu moshi kwa kumuumiza mfuko. Inafanya kazi kwa kubadilisha foleni ya mitambo. Msimamizi wa gridi anawasha kwanza mtambo wenye gharama ndogo ya kuendesha, kisha unaofuata. Kodi inageuza foleni pale tu inapofika bei ya kupinduka:

bei ya kupinduka = (gharama ya gesi − gharama ya makaa) ÷ (kaboni ya makaa − kaboni ya gesi)

Mfano wa kubuni: makaa dola 30 kwa megawati-saa, gesi dola 45. Makaa kwa ufanisi wa asilimia 36 yanatoa tani 0.946, gesi ya mzunguko wa pamoja 0.404. Basi 15 ÷ 0.542 = dola 27.7 kwa tani. Kodi ya dola 20 inakusanya fedha na haibadilishi mtambo hata mmoja. Kodi ya dola 28 inapindua foleni nzima. Uingereza ilikuwa na mitambo ya gesi imesimama bila kazi, tayari kuwashwa, na kodi hii ilipandishwa juu ya bei ya vibali vya Ulaya ambayo nayo ilikuwa ikilipwa. Ndiyo maana ikapindua.

Chile ikafanya kinyume. Kuanzia 2017 iliweka dola 5 kwa tani kwa mitambo ya megawati 50 za joto na zaidi, lakini sheria ikakataza kodi isihesabiwe kwenye gharama zinazopanga foleni. Mtambo wa makaa ukaendelea kusimama mbele kama zamani. Tena mtambo ambao bei ya soko haikutosha kulipia kodi yake ulifidiwa na wenziwe, hata wa jua na upepo wakachangia fidia hiyo. Kodi ya kaboni inayomchangisha mwenye paneli! Kosa la mstari mmoja wa sheria.

Afrika Kusini, 2019, ilianza na randi 120 kwa tani, lakini msamaha wa msingi ni asilimia 60 na mingine juu yake, hivyo kiwango halisi kilikuwa randi 6 hadi 48. Kwa umeme, Eskom iliruhusiwa kukata kodi hii dhidi ya tozo ya umeme ya senti 3.5 kwa uniti ambayo tayari ilikuwepo, ili bili ya mteja isipande hadi mwisho wa 2025. Kisiasa inaeleweka. Kwenye foleni haikuonekana.

Taa_Zimezimika

Mmesoma vizuri, mashaallah. Sasa tumieni hiyo hesabu ya foleni kwa hapa petu muone mnavyojikaanga.

Foleni ya hoteli ya Paje ina vitu viwili: kebo na jenereta. Tuseme dizeli ni shilingi 2,900 kwa lita. Kwa lita 0.30, mafuta pekee ni shilingi 870 kwa uniti, bado hujabadilisha oili wala filta. Uniti ya ZECO ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Yaani jenereta liko mwisho wa foleni kabla ya kodi yoyote. Hakuna anayeliwasha kwa kupenda. Linawaka kwa sababu umeme haupo, au voltage mwisho wa laini imeanguka hadi kompresa za friji zinaungurumia bila kuwaka. Mnamtoza mtu kwa kukatikiwa.

Tukumbuke Mei 2008, Unguja mwezi mzima gizani. Na Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Kodi hii ingekuwepo wakati ule ingekusanya fedha nyingi kuliko wakati wowote, na isingepunguza hata kilo moja. Shilingi 20 juu ya 870 ni asilimia 2.3. Bei ya mafuta peke yake hupanda na kushuka zaidi ya hapo baina ya tangazo moja la ZURA na jengine.

Fundi_Kibandani

Yakhe, hapo umesema kweli nusu. Kweli kwamba kodi haitaamua kati ya kebo na jenereta. Lakini foleni ya hoteli ina kitu cha tatu sasa: paneli na betri. Huko ndiko shilingi zinakohesabika.

Angalia mahali jenereta linapopoteza: usiku wa manane, mzigo mdogo, lita 0.35 na zaidi kwa uniti. Saa hizo ndizo betri inazimudu. Hoteli yenye kilowati 15 za usiku kwa saa tano inahitaji uniti 75. Betri ya lithiamu usiikamue yote, chukua asilimia 80, na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida) inakula kama asilimia 5 hadi 8, basi panga betri iliyoandikwa uniti 100. Jenereta linabaki kwa kilele cha jioni, likibeba asilimia 60 au 70, linaungua safi. Kwa mpango huo lita zinazookolewa ni zile mbaya kuliko zote. Kodi ya lita inaongeza kasi ya kurejesha fedha za betri, hata kama ni kidogo.

Kinachoua mpango huu mara nyingi si bei. Ni inveta isiyopatana na jenereta. Jenereta dogo masafa yake yanayumba mzigo ukiingia ghafla, inveta inaona hertz 48.5 au 52 badala ya 50, inajitoa, mzigo wote unarudi kwa jenereta kwa mkupuo, linazima. Panua kiwango cha masafa kwenye inveta, na weka mipaka ya kasi ya kuchaji kutoka kwenye jenereta. Nimetoka nje ya mada kidogo, samahanini.

Bi_Jadweli

Hujatoka. Swali linalofuata ni fedha ziende wapi.

Kuna wazo linalorudi kila mara: tusamehe saa ambazo umeme wa gridi haupo. Linasikika la haki. Kiutendaji ni shimo. Itabidi kila jenereta liwe na kumbukumbu ya saa inayolinganishwa na kumbukumbu ya kukatika kwa kila laini ya kilovolti 33 na 11, hadi transfoma ya mtaa. Na voltage ikiwa ndogo lakini ipo, je, umekatika au hujakatika? Kila msamaha wa namna hii unageuka kesi.

Bora kodi isiwe na msamaha, irudishwe kwa njia nyengine. Kwa wenye mita za TUKUZA inaweza kurudi kama uniti za bure zilizo sawa kwa kila mita ya nyumbani, mara mbili kwa mwaka, zinaingia na tokeni. Usishushe bei ya uniti. Ukishusha bei, anayetumia nyingi anafaidi zaidi. Ukitoa idadi sawa, nyumba yenye taa nne na friji inapata sehemu kubwa ya bili yake.

Lakini tusijidanganye na ukubwa wake. Kwa mfano tu: lita milioni 10 za dizeli kwa shilingi 67 ni shilingi milioni 670. Gawa kwa mita laki moja, kila mita inapata shilingi 6,700 kwa mwaka. Ni kiasi cha kuonesha nia njema, si cha kubadilisha maisha. Fedha hizo hizo zikiwekwa pamoja kama dhamana ya mikopo ya betri kwa vituo vya afya na skuli zinafika mbali zaidi. Mimi nachagua hilo la pili, ingawa najua wanasiasa watachagua la kwanza.

Kuhusu umeme wa kebo, narudi kwa Mwana Wesha. Kuna mfano wetu wenyewe. VAT ya umeme unaouzwa na Bara kwa Zanzibar ilileta mvutano wa miaka, mpaka Sheria ya Fedha ya 2019 ikaweka kiwango cha sifuri kwa umeme unaovuka. Yaani kodi ya matumizi ikatambuliwa kuwa ni ya mahali panapotumika. Kodi ya kaboni ni kinyume chake, inafuata mahali panapochomwa. Siku Bara ikiweka kodi kwenye gesi ya Kinyerezi, itakuja ndani ya bei ya jumla ya ZECO, na siku hiyo Zanzibar ikiwa tayari inatoza uniti ya kebo, mteja analipa kaboni moja mara mbili. Sheria yetu iandikwe tangu mwanzo: umeme unaoingia kwa kebo hautozwi hapa, na kama Bara itautoza, sehemu ya makusanyo yanayotokana na uniti zilizovuka Fumba na Wesha ijadiliwe irudi. Kusoma mita ya kwenye kebo ni kazi ndogo kuliko kazi zote zilizotajwa humu.

Mwana_Wesha

Nimeridhika na hilo la kebo. Lakini tozo ikikaa kwenye dizeli yote, daladala, mashua na trekta nao wanalipa. Uzi ulisema wazalishaji umeme.

Hesabu_za_Usiku

Kweli, na hakuna namna safi ya kukwepa. Dizeli ya jenereta na ya daladala inatoka tangi moja. Ukisema ya usafiri isilipe, kila hoteli itanunua kupitia kituo cha mafuta kwa madumu. Ukiweka rangi kwenye dizeli ya jenereta, unahitaji tangi la pili bandarini na vituoni, na watu wa kukagua.

Somo la mafuta ya taa linatosha. Bara yalikuwa na ushuru mdogo sana kuliko dizeli, watu wakachanganya, injini zikafa pampu za sindano kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi. Uchakachuaji haukukomeshwa na ukaguzi peke yake. 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ukakaribiana na wa dizeli, faida ya kuchanganya ikaondoka. Kwa hivyo kodi ya kaboni iguse dizeli, petroli na mafuta ya taa kwa pamoja, kila moja kwa kaboni yake: kwa dola 10, dizeli 67, mafuta ya taa kama 63, petroli kama 57. Ukiiacha petroli, vijenereta vidogo vya mkono vitaongezeka, na vile kwa kila uniti ni vichafu zaidi.

Wavuvi na daladala warudishiwe kwa njia nyengine, kupitia ada ya leseni kwa mfano, si kwa bei ya lita.

Karafuu_Kavu

Nakubali lita. Kiwango kiandikwe kwa shilingi au dola?

Hesabu_za_Usiku

Shilingi, na jadweli ya miaka mitano ndani ya sheria yenyewe, inapanda kwa hatua na kurekebishwa kwa mfumuko wa bei. Anayenunua jenereta leo analitumia miaka 15. Anachotaka kujua ni kodi ya mwaka wa tano, si ya mwaka huu. Australia ilianza dola zake 23 kwa tani Julai 2012, ikaifuta baada ya miaka miwili. Mwekezaji aliyeona hayo haamini tena kiwango cha bajeti ya mwaka mmoja.

Fundi_Kibandani

Mawili ya mwisho kwa atakayeandika kanuni, maana ndiyo yatakayoleta ugomvi bandarini.

Joto. Dizeli inatanuka karibu asilimia 0.083 kwa kila nyuzi moja. Meli ikipimwa kwa nyuzi 15 za kitabuni na tangi letu likiwa nyuzi 30, lita ile ile inaonekana zaidi kwa kama asilimia 1.25. Kwenye lita milioni moja ni lita 12,500, na kwa shilingi 67 ni kama shilingi 840,000. Kanuni iseme wazi: lita za kutozwa ni lita zilizorekebishwa kwa nyuzi 15, kwa meli na kwa tangi. Bila hivyo kila upande utachagua kipimo kinachompendeza.

Siku ya kuanza. Tozo ikitangazwa mwezi mmoja kabla, kila mwenye tangi atalijaza. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya kwanza, matangi yote ya maghala yapimwe kwa fimbo, maji ya chini yapimwe kwa dawa ya kubadilika rangi na yatolewe kwenye hesabu, na akiba iliyokutwa itozwe inapouzwa. Matangi ya hoteli yaachwe. Tangi la lita 5,000 lina kodi ya shilingi 335,000, na kumtuma mtu na fimbo Kizimkazi saa sita usiku kwa ajili hiyo haina maana. Fimbo yenyewe ipakwe dawa pande mbili. Upande mmoja ukikwaruza ukuta wa tangi wakati wa kushuka, mstari wa maji unafutika na unasoma sifuri.